Kilo Tisini na Nne

Kiptanui alishuka kwenye gari la kampuni Alhamisi moja ya Julai, saa moja kasoro asubuhi, akiwa amekumbatia mizani mpya ya umeme kifuani. Sikumpenda tangu hapo. Mtu anayekuja Kitale mwezi wa Julai, wakati wa matope, na viatu vyeupe hana nia njema na mtu yeyote.

"Nani anaitwa Nakhumicha?" akauliza.

Tulikuwa wawili tu ofisini, na mmoja wetu alikuwa na ndevu. Nakhumicha akainua mkono polepole akiwa bado amekaa nyuma ya meza yake, kalamu ikiwa sikioni.

"Mimi natoka makao makuu Nairobi," Kiptanui akasema. "Sitaki maneno mingi. Kuna abiria aliandika malalamiko."

Akafungua mkoba, akatandaza mezani nakala za orodha zetu za abiria, za mwaka mzima. Karibu kila ukurasa ulikuwa na mstari mmoja uliopigwa wino mwekundu. Akaweka kidole juu ya mmoja.

"Huyu Harbhajan Singh. Nimehesabu safari zake, ni arobaini na moja. Kila safari kilo tisini na nne. Mvua ikinyesha tisini na nne, kiangazi tisini na nne, Krismasi imepita bado tisini na nne. Hata jiwe ya kusagia huisha, mama. Huyu haishi?"

 Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai na nilijua kwamba leo tumepatikana.

"Leo kila mtu atapanda hii mashini," Kiptanui akaendelea. "Wewe utaandika kwanza, vile umezoea. Halafu mimi nipime. Mtu mmoja tu akipita kilo tano, juu ama chini ya ile umeandika, wewe unarudi nyumbani leo. Barua iko hapa, imebaki tarehe tu."

"Sawa," Nakhumicha akasema. Akatoa kalamu sikioni, akaishika kwa mikono miwili. Ana binti, Beth, anayesoma mwaka wa pili pale Chuo Kikuu cha Kibabii, na mama mzee Misikhu ambaye miguu imekataa kumbeba. Wote watatu wanakula kwenye kalamu hiyo.

Ili uelewe aliogopa nini, lazima nikueleze tulivyokuwa tukifanya kazi. Ndege ya Suam Air ni ndogo, ya viti kumi na mbili, na ndege ndogo lazima ijue imebeba nini. Kila abiria hupimwa kilo, yeye na mzigo wake, na kilo hizo huandikwa kwenye orodha anayopewa rubani. Mimi, Jotham, nabeba mizigo, nafukuza ng'ombe wa majirani kwenye lami kabla ndege haijatua, na kuwapitishia abiria kile kifimbo kinacholia kikikutana na chuma. Hayo mengine yote yalikuwa ya Nakhumicha.

Aliajiriwa miaka tisa iliyopita kufagia. Siku moja mizani yetu ya zamani, ambayo nadhani ilianza maisha yake ikipima mahindi, ikakwama. Rubani akawa anasema safari imekufa. Nakhumicha akaegemeza ufagio ukutani, akawatazama wale abiria mmoja mmoja kutoka kichwani hadi viatuni, akasema: huyu sabini na moja, huyu mama hamsini na nane, huyu mia na mbili. Watu wakacheka. Rubani, ambaye hakuwa na njia nyingine, akaandika. Jioni mizani ikatengenezwa, na siku ya pili abiria wale wale waliporudi kutoka Nairobi wakapimwa. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kilo moja na nusu. Wakamnyang'anya ufagio wakampa kalamu.

Kipawa hicho alikitoa sokoni. Mamake aliuza maharagwe Misikhu kwa mkebe wa gorogoro, na mtoto akikaa nyuma ya magunia alikuwa akikisia uzito wa kila kitu kilichopita: gunia, mbuzi, mkokoteni, mwisho watu. "Ukiangalia kitu vizuri, chenyewe kinakwambia," ndivyo anavyosema. Mimi nimeangalia vitu vizuri miaka hamsini na minane na havijaniambia kitu.

Basi tukajitengenezea desturi. Abiria mgeni alipanda mizani. Ukisharuka nasi mara tatu, hupandi tena. Unapita mezani, Nakhumicha anakutupia jicho, anaandika, unaenda zako. Hiyo ndiyo ilikuwa kadi yetu ya dhahabu. Usicheke. Hujui aibu ya mtu mzima mwenye heshima zake, mchungaji, mkwe wa mtu, kupanda mizani ya mahindi mbele ya umati huku mwingine akitangaza kilo zake.

Nimewasikia wasomi redioni wakieleza kwa nini msafiri anang'ang'ania kampuni moja ya ndege hata nyingine ikimwita. Wanasema ni pointi, ni bei, ni viti vipana. Waje Kitale. Ilipokuja ile kampuni nyingine ya Eldoret na ndege kubwa, ilimwaga pointi na kadi hapa mjini bila huruma. Mzee Harbhajan alipewa moja inayong'aa na jina lake juu. Aliitumia kukwangua matope kwenye viatu.

"Kule mimi nambari tu," aliniambia. "Hapa mimi tisini na nne."

Nikamwambia tisini na nne nayo pia ni nambari. Akacheka mpaka kilemba kikaenda upande.

Huyu Mzee ana duka la hadwea, la misumari na mabati, hapa mjini tangu enzi za babake, na mwanawe Gagandeep anaendesha lile la pili kule Bungoma. Mke alishatangulia mbele ya haki. Karibu kila Alhamisi yeye ni wa kwanza uwanjani, na kiti chake ni kile nyuma ya rubani. Ndiye aliyetuletea mabati ya choo tulipoezuliwa na upepo. Beth alipopata nafasi Kibabii, Mzee alimletea taa ya kusomea na kumwambia asirudi nayo bila digrii.

Sasa nitasema jambo linaloniuma. Tangu Desemba tuliona vitu. Saa yake ilikuwa ikiteleza kwenye mkono. Mkanda wa kiti, ambao zamani alikuwa akiutukana kwa Kipunjabi, sasa aliufunga kimya kimya. Alianza kuvaa koti kubwa la kahawia, na hata wakati wa jua kali halikumtoka. Mimi hushika ngazi ya ndege abiria wakipanda, na ngazi ilikuwa imeacha kulia alipoikanyaga. Ukimwuliza, anasema ameacha sukari na anatembea asubuhi. Tukaridhika. Nakhumicha alikuwa akiandika tisini na nne kabla hata Mzee hajaegesha gari. Mgeni ndiye aliyetazamwa kutoka kichwani hadi viatuni. Rafiki aliandikwa tu.

Aliyelalamika alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa Myanga, mwezi uliotangulia, safari yake ya kwanza. Alipanda mizani, watu wakasikia kilo zake, akamwona Mzee akipita bila kupimwa. "Mbona mimi napimwa na huyu hapimwi? Ama yeye ni malaika?" Tulidhani yameishia hapo. Kumbe mama alipiga picha orodha kwa simu akaituma Nairobi.

Abiria walianza kufika saa moja na robo. Kiptanui alikuwa ameweka mashini yake nje, hatua chache kutoka mlango wa kwenda kwenye ndege, baada ya pale ninapokagulia mimi. Ilikuwa na namba nyekundu kubwa ambazo hata mtu aliyesimama kwenye ua angeweza kuzisoma.

Wa kwanza walikuwa wageni watatu. Nakhumicha aliwatazama mmoja mmoja, akaandika. Sitini na tatu; mashini ikasema sitini na tatu. Themanini, ikasema themanini na nukta tano. Hamsini na tano. Hamsini na tano kamili. Kiptanui akainama akaikagua mashini yake kana kwamba imehongwa. Nikaanza kupumua.

Kisha wakaja wateja wetu, na pumzi ikakata tena. Chesang, muuza mbegu, mama wa vituko vingi, alikuwa ameandikwa themanini na moja tangu mwaka juzi. Nakhumicha alimtazama, akasita, akaandika themanini na mbili. Chesang akapanda. Namba zikapanda naye: themanini na tatu, na nne, zikasimama themanini na sita.

"Nne," Kiptanui akasema.

"Nimekula harusi mbili mwezi huu," Chesang akasema. "Ungekuja Mei, bana."

Hakuna aliyecheka. Nikamnong'oneza Chesang mambo ya ile barua iliyobaki tarehe. Akajitenga pembeni, akatoa simu, na nikamsikia akisema, "Mzee, uko wapi? Kuna shida. Wanapima watu, na Mama Beth akikosea kilo tano anafutwa."

Nilimshukuru moyoni. Niliwaza, Mzee akijua, atakuja amejiandaa, atamtania huyu kijana, atapanda, itasema tisini na mbili au tisini na moja, na maisha yataendelea. Ndivyo nilivyowaza. Nilikuwa nimeshika ngazi isiyolia kwa miezi saba na bado ndivyo nilivyowaza.

Gari lake likaingia saa moja na dakika arobaini. Siku hiyo alichelewa kwa sababu hakuwa anaendesha yeye. Gagandeep alikuwa amelala Kitale ili achukue bidhaa za duka la Bungoma, na alikuwa amempakia babake kwenye pikapu pamoja na masanduku ya bolti na nati. Akaegesha kando ya ua, akashuka akizungumza na simu, akatugeuzia mgongo.

Mzee alishuka upande wa pili. Alisimama akaitazama mashini, na zile namba nyekundu, na mwanawe. Kisha akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "Nimesahau kitu," akazunguka nyuma ya pikapu.

Nilimwona akiinama. Alikaa huko muda mrefu kuliko mtu anayetafuta mwavuli. Aliporudi alikuwa akitembea polepole, akiweka mguu mmoja chini kabla ya kuamua kuhusu wa pili, na koti lilikuwa limevutika kwenda chini. Uso wake ulikuwa na jasho kwenye baridi ile.

Nikapitisha kifimbo. Kililia shingoni, kikalia kifuani, kikalia kiunoni, kikaendelea kulia hadi magotini bila kunyamaza. Miaka tisa hakijawahi kulia hivyo. Nikaweka mkono kwenye mfuko wa kulia: bolti za inchi sita, zimejaa hadi juu. Wa kushoto: nati. Ndani ya koti, chini ya kwapa, bolti tena. Na mkono wangu ulipokuwa pale chini ya kwapa ulikutana na mbavu. Sikugusa nyama yoyote, ni mbavu tu, moja baada ya nyingine. Niliogopa kweli kweli.

"Jotham, bana," Mzee akaninong'oneza. "Wewe sema funguo."

"Mzee, hizi ni kilo ngapi?"

"Sijui." Alikuwa akihema. "Zinatosha?"

Nikatazama upande wa mashini.

"Mama Beth atafukuzwa kwa sababu yangu," akasema. "Na Gagan hajui. Siku Gagan atajua, duka ya Kitale inafungwa, mimi nakaa Bungoma kwa kiti ya plastiki nahesabiwa dawa. Tafadhali, ndugu yangu."

Hajawahi kuniita ndugu yangu. Kiptanui alikuwa ameshageuka kutusikiliza.

"Nini inalia hivyo?"

"Ni funguo za duka!" nikapiga kelele.

"Duka gani iko na funguo mingi hivyo?"

"Hadwea," nikasema. "Milango ni mingi."

Uongo wa kijinga kuliko wote niliowahi kusema, lakini nilisimama nao. Nikamwachia Mzee njia. Akazikata zile hatua chache hadi mbele ya meza, ambayo tulikuwa tumeitoa nje karibu na mashini. Kila hatua nilisikia chuma kikigongana na chuma.

"Andika kwanza, mama," Kiptanui akasema.

Mkono wa Nakhumicha ulikuwa umeshaanza kuandika peke yake, kama ulivyozoea. Aliandika tisa. Kabla ya nne akainua macho, nadhani kwa sababu ya ile sauti ya chuma, na macho yake yakabaki pale.

Nilimwona akimtazama. Alianza na kilemba, akashuka shingoni, pale ambapo kola ilikuwa imeacha nafasi ya ngumi kuingia. Akashuka mabegani, koti lilipokuwa limeanguka. Akaona mifuko. Akaona saa iliyovaliwa juu ya mkono wa koti ili isidondoke. Alimtazama jinsi mamake alivyomfundisha, hadi viatuni, na alipofika viatuni akafumba macho.

Kisha akaweka kalamu chini.

"Usimpime hapa," akamwambia Kiptanui. "Nimeandika uongo. Tangu mwaka jana sijamwangalia huyu mzee. Nilikuwa naandika tu."

"Kwa hivyo unakubali kosa?"

"Nakubali. Mbele ya hawa wote nakubali. Lakini yeye apimiwe ndani, kuna stoo."

"Mama Beth, wacha!" Mzee akasema kwa sauti ambayo ilimfanya Chesang ashike mdomo. "Nani amekuuliza? Mimi napanda. Pima!" Akaweka mguu mmoja juu ya mashini. Namba nyekundu zikaanza kukimbia.

Katika miaka tisa sijawahi kumwona Nakhumicha akisimama kutoka kwenye meza yake kabla orodha haijafungwa. Siku hiyo alisimama, akazunguka, akamshika Mzee kiwiko. "Shuka, baba," akamwambia chini chini. "Utaanguka na hizo vyuma."

Baba, akamwita. Mzee akatazama lami. Akashusha mguu.

Nakhumicha akachana kipande cha karatasi, akaandika kitu, akakikunja akampa Kiptanui. "Hiyo ndiyo kilo yake. Usifungue kabla hujapima. Ukipata tofauti, nishtaki."

Nilikuwa nikimngoja Kiptanui apige kelele, ataje kanuni. Alimtazama yule mzee, akalitazama koti. Akaiinua mashini yake kutoka chini, akaiweka kwapani. "Stoo iko wapi?" akaniuliza.

Stoo yetu ni chumba cha mabati chenye rafu moja na mizani ile ya zamani pembeni. Mzee alitoa bolti kwanza, konzi baada ya konzi, juu ya rafu. Zililia kwenye mbao mpaka nikatamani kuziba masikio. Akavua koti. Chini ya koti kulikuwa na sweta, na chini ya sweta sweta nyingine, na ya tatu, ya kijani, aliyofumiwa na marehemu mkewe. Alipobaki na shati, mtu aliyesimama mbele yetu sikumjua.

Mashini ikasema sabini na sita na nukta nne. Kiptanui akafungua karatasi. Sabini na sita. Akaikunja tena akaitia kwenye mfuko wa shati lake, juu ya moyo, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa kijana tu, pengine umri wa Gagandeep.

"Ni nini, mzee?"

"Saratani. Ya utumbo. Tangu Novemba." Alisema kama anayetaja bei ya misumari. "Alhamisi moja naenda kuwekwa dawa, Alhamisi nyingine naenda kutafuta mali ya duka. Hapa hakuna mtu alikuwa ananipima. Ndiyo maana sikuenda kwa ile ndege kubwa. Mahali yote napimwa, damu, mkojo, kila kitu. Hapa peke yake bado nilikuwa tisini na nne."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wasomi wa redio hawajui kitu, na mimi pia sijui kitu.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Gagandeep, ameshika mkebe wa chakula.

"Papa ji, umesahau chakula kwa ga..."

Akamwona babake na shati. Akaona sweta tatu sakafuni. Akaona bolti zake, za duka lake, zimetapakaa kwenye rafu.  Injini ya ndege ilikuwa ikianza kunguruma huko nje.

"Funga mlango, Gagan," Mzee akasema. "Baridi inaingia."

Gagandeep akaufunga, yeye akiwa ndani. Kiptanui na mimi tukajipenyeza tukatoka. Hayo yaliyosemwa humo hayakuwa ya masikio yetu, na hata kama ningesikia, yalikuwa ya Kipunjabi.

Nje, rubani alikuwa akiyatazama mawingu yaliyokuwa yanapanda upande wa Cherang'any, kisha saa yake, kisha sisi. Abiria walishapanda. Nakhumicha alikuwa amerudi mezani, amekaa wima, ameikata ile tisa kwa mstari na kuandika sabini na sita, na saini yake kando.

"Kiti ingine iko?" Kiptanui akamwuliza.

"Viwili."

Walipotoka stoo, Gagandeep alikuwa na macho mekundu na alikuwa amembebea babake koti. Hakuuliza tiketi, hakuuliza kitu. Alisimama tu mbele ya meza. Nakhumicha akamtazama. Hakuharakisha, ingawa rubani alikuwa akipiga kelele.

"Themanini na nane," akasema, akaandika.

Kiptanui akaweka mashini chini. Themanini na nane na nukta moja. Nakhumicha akajumlisha, akapiga mstari, akampa rubani orodha. Mzee alipopita mezani alisimama kama anayetaka kusema jambo, kisha akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha Nakhumicha, akakiacha pale kidogo, akaenda. Nilishika ngazi. Kwa Gagandeep ililia.

Ndege ilipokwisha kupotea, Kiptanui akatoa ile barua. Nilidhani ataichana. Hakuichana. Aliandika tarehe.

"Mama, wewe uko na kipawa sijawahi ona," akasema. "Lakini leo imepungua kilo kumi na nane. Kesho itazidi kumi na nane, na hii ndege ni ndogo."

"Najua," Nakhumicha akasema. "Ni haki yako."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa nimeshayapanga matusi, mengine ya Kibukusu ambayo hangeyaelewa. Lakini alikuwa amesema kweli, na ukweli huo ulinichoma kuliko ile barua. Nakhumicha akanipa ufunguo wa droo, akachukua kikombe chake na sweta yake, akatoka kwa mguu kuelekea barabarani.

Wateja walikasirika. Chesang aliapa kwamba atahamia kwenye ndege kubwa na kadi yake ya dhahabu. Nakhumicha mwenyewe ndiye aliyewapigia simu mmoja mmoja kuwakataza. Aliwaambia ndege haina kosa. Sasa yuko Bungoma. Gagandeep alimpa meza dukani kwake, katikati ya makopo ya rangi na mapipa ya maji, na anakata tiketi za ndege kwa simu. Wale wale wa Kitale humpigia yeye. Duka la Kitale halijafungwa. Gagandeep amemwajiri meneja, na hiyo ndiyo suluhu waliyofikia baba na mwana baada ya ugomvi wa wiki tatu.

Mzee bado anaruka nasi. Siku hizi hupanda mashini kama watu wengine, mbele ya watu wote, na akishuka hunikonyeza. Ungedhani hilo limetosha. Lakini kila Jumapili humwambia Gagandeep amchukue Kitale ampeleke Bungoma, na sikujua wanafuata nini mpaka nilipompelekea Nakhumicha gunia la viazi mwezi uliopita, nikawakuta.

Duka lilikuwa limefunguliwa nusu mlango. Mzee alikuwa amesimama mbele ya ile meza. Alivua koti, akampa Gagandeep. Akavua sweta, zote tatu. Nakhumicha alikuwa na daftari mbele yake. Halihitajiwi na kampuni yoyote daftari hilo, wala halihitajiwi na madaktari, nao wana mizani zao. Nilichungulia ukurasa. Sabini na sita. Sabini na tano. Sabini na tano. Sabini na nne.

Nakhumicha alimtazama Mzee kwa muda mrefu. Gunia lilikuwa bado begani kwangu. Nilimwomba Mungu na nilimwomba yeye pia, kimoyomoyo, aongeze hata kilo moja, nani angejua?

"Sabini na mbili," akasema.

Gagandeep akageukia makopo ya rangi. Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa bidhaa kamili aliyoagiza.

"Andika, Mama Beth."

Akaandika. Kisha akaweka kalamu chini, akaendelea kumtazama mpaka Mzee alipofunga kifungo cha mwisho cha koti.